Sauti ya Shemeji wa Juu

Masatu tulimzika kwao Bukima, karibu kabisa na ziwa, na mimi nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungenisumbua zaidi. Sipendi misiba ya watu tuliokua nao. Kila mtu ana la kusema, na wengi wanalisema kwa sauti. Nilikuwa nimejitenga pembeni ya turubai na sahani yangu ya ugali wa muhogo na sato, nikiomba nisisemeshwe, mwanamume mmoja mwenye kitambi akavuta kiti mpaka kikagusa changu. Hakunisalimu vizuri hata. Alinitazama, akacheka peke yake, akasema, "Wewe si ulikuwaga pale kwa mama ntilie Bunda, nyuma ya video ya Masatu? Mimi nilikuwaga benchi la mbele, kila Jumamosi. Hebu niambie, dada yangu. Hivi yule Shemeji wa Juu, mwisho aliolewaga kweli, ama alirudi kwao?" Nikamwambia amuulize Masatu. Najua si jibu la kumpa mtu msibani, na yeye alicheka akidhani natania. Nilipomaliza kula nilinawa mikono, nikaaga wafiwa, nikarudi Musoma nikiwa nimekasirika, na hasira ile haikutoka hata baada ya kulala.

Shemeji wa Juu alikuwa katuni. Afadhali niseme mapema, maana niliwahi kusimulia habari hizi kwa mtu akadhani namzungumzia mke wa kaka yangu. Alikuwa msichana wa kuchorwa, wa Kijapani, na hata huko Japani hakuwa mwenyeji: alitoka kwenye nyota nyingine, akaangukia uani kwa kijana mmoja mwanafunzi, mvivu, mpenda wasichana, siku ya mvua kubwa. Kijana akamfunika mwavuli. Basi. Kwa sheria ya kwao msichana, kumfunika mtu mwavuli ni kumwoa, au ndivyo sisi tulivyoelewa, kwa hiyo aliingia ndani, akakaa, akakataa kuondoka. Alikuwa na nywele nyeupe ndefu mpaka visigino na macho ya njano kama papai. Kijana akiangalia msichana mwingine, Shemeji analia, na akilia mvua inanyesha ndani ya nyumba, chumba kile kile alichomo, huku nje jua linawaka. Mama wa kijana alikuwa na kazi ya kutega masufuria. Mpwa wangu ananiambia katuni hiyo imo kwenye simu siku hizi, imechorwa upya kwa rangi kali, na chini kuna maandishi yanayofasiri kila neno. Alitaka kunionyesha. Nikamwambia aondoe simu mezani, tunakula.

Nani alinizaa na kwa nini nilipelekwa Bunda ni habari ndefu isiyo na faida hapa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikawa kwa mama mdogo aliyekuwa na mgahawa karibu na stendi. Mgahawa ni neno la heshima. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati chenye meza mbili, jiko la mafiga nyuma, na karai la mafuta ambalo sikumbuki kuliona limepoa. Tulipika udaga, ule ugali wa muhogo, dagaa, furu wa kukaanga, na mapanki yaliyotoka viwandani Musoma, yale mifupa ya sangara yenye nyama ya kubembeleza. Ukuta wa nyuma wa jiko letu ndio uliokuwa ukuta wa banda la video la Masatu. Ulikuwa wa mabati na magunia, kwa hiyo sisi tulisikia kila ngumi iliyopigwa kwenye filamu zake, na wao walinusa kila samaki tuliyekaanga. Masatu alikuwa kijana bado, mwembamba, mwenye mkono mmoja mfukoni kila akitembea. Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Alikaa kwenye stuli kando ya runinga, maiki mkononi, akageuza Kichina na Kihindi kuwa Kiswahili, na wala hakujua Kichina wala Kihindi. Alitazama midomo na mikono, akasema kilichofaa. Watu walimwamini kuliko kama angejua.

Kaseti za Shemeji zilitoka Butiama. Kulikuwa na mwalimu wa kujitolea, Mjapani, aliyefundisha hesabu sekondari ya huko, na alipomaliza muda wake alimwachia Masatu boksi kwa sababu Masatu alikuwa fundi wa redio yake. Ndani kulikuwa na kaseti nyingi zenye namba mgongoni, na kitabu kimoja cha picha cha katuni ile ile. Jumamosi ya kwanza Masatu aliweka kaseti ya kwanza, na ikawa aibu. Ngumi aliziweza, wazee wa Kichina aliwaweza, lakini msichana wa miguu peku anayedai mume kwa ajili ya mwavuli, kwa sauti ile ya Masatu ya kukwaruza, hapana. Watu walicheka pasipo kuchekesha. "Mura, huyo ana ndevu!" mmoja alipiga kelele. Sisi jikoni tulikuwa tunasikia vizuri. Kando ya mafiga, kwenye kigoda, alikuwa amekaa Wakuru, akichambua dagaa, na Wakuru bila kuinua kichwa akasema kwa sauti ya juu, ya kudeka, kana kwamba anajibu mtu aliyemo humo jikoni, "Umenifunika mwenyewe, nani alikutuma? Sasa nionyeshe ninapolala." Upande wa pili banda zima likalipuka kwa kicheko.

Wakuru alikuwa binti wa jirani yetu, mwanamke wa Butiama aliyepanga chumba uani kwetu na kuuza michembe, vile viazi vya kukausha, sokoni. Wote tulimwita Mama Wakuru. Binti yake alikuwa mkubwa kwangu kidogo kwa umri, lakini kwa mwili ungedhani ni mdogo wangu. Alikuwa na ugonjwa wa damu ambao siku hizi unaitwa selimundu, unatangazwa redioni, na wakati ule hapo kwetu hatukuwa na jina lake. Tulisema Wakuru anaumwa mifupa. Baridi ikimpata, anaumwa. Akinyeshewa, anaumwa. Malaria ndogo ambayo sisi tuliimaliza kwa siku chache ilimlaza yeye mpaka tunamsahau uso. Macho yake yalikuwa ya njano, sio kidogo, njano kweli, na shuleni walimwita jina la kile kiungo cha njano cha kwenye mchuzi mpaka akaacha shule. Mama yake alimleta jikoni kwetu asubuhi kwa ajili ya joto la moto, na mama mdogo alimkubali kwa sababu alichambua dagaa vizuri na hakula sana. Mimi nilimkubali kwa sababu nilikuwa sina mtu mwingine wa kuongea naye, na baadaye kwa sababu nilimpenda.

Masatu alizunguka mpaka kwetu kabla kaseti haijaisha. "Nani huyo aliyesema?" Mama mdogo akamwonyesha kwa mwiko. Masatu alimtazama Wakuru na ile mikono yake myembamba ndani ya beseni la dagaa, akachuchumaa ili wawe sawa, akamwambia, "Dada, hiyo sauti njoo nayo kwangu." Wakuru akasema yeye hajui Kijapani. Masatu akasema, "Kwani mimi najua?" Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, mama yake akiwa bado sokoni au kanisani, mimi na Wakuru tulipita uchochoroni tukaingia bandani kwa mlango wa nyuma. Yeye alikaa karibu na ukuta wa jiko letu, mahali penye joto, nimemfunika kitenge magotini, na kazi yangu ilikuwa kumshikia chupa ya maji. Masatu alikuwa na namna yake ya kufanya. Aliweka vidole kwenye kitufe cha sauti muda wote: muziki ukianza anapandisha, mlango ukigongwa au mvua ikinyesha anapandisha, mdomo wa mtu ukifunguka tu anashusha mpaka mwisho, na hapo yeye na Wakuru wanasema. Mchana wa katikati ya wiki walitazama kaseti mpya wawili tu na mimi, sauti ikiwa imezimwa kabisa, ili Wakuru atafute maneno. Alisema akisikia ile sauti ya kigeni itamvuruga. Kwa hiyo katika mwaka ule wote hapakuwa na mtu Bunda aliyejua Shemeji ana sauti nyingine.

Watazamaji ndio waliompa jina. Walikuwa wasukuma mikokoteni, wavulana wa stendi, wachuna ngozi wa machinjioni, watu waliokulia nyuma ya ng'ombe, na kwao mambo ya ndoa si ya kuchezea. Yule kijana wa kwenye katuni walishamfanya ndugu yao, na mke wa ndugu ni shemeji. Lakini hawakuridhika. "Mahari iko wapi?" waliuliza kila Jumamosi. "Mwavuli siyo ng'ombe! Huyu kaolewa bure bure, wazee wa kwao wakishuka itakuwaje?" Masatu alijaribu kuwanyamazisha kwa maiki, hawakunyamaza. Siku moja Shemeji kwenye runinga alikuwa amekaa juu ya paa la nyumba, anazungumza na mwezi, na Wakuru akaacha maneno aliyoyapanga, akawageukia wale watu moja kwa moja: "Ninyi mnaouliza ng'ombe. Kwetu juu hakuna majani. Mkinipelekea ng'ombe watakula nini, nyota?" Nilidhani paa litang'oka. Mchuna ngozi mmoja, mtu mzima, alisimama akasema anamsamehe ndugu yake mahari yote, na watu wakapiga makofi kama mahakama imeamua. Nilimtazama Wakuru. Alikuwa amejishika tumbo, anacheka mpaka anakohoa, na sikuwahi kumwona na afya kama ile.

Huo ndio mwaka ambao macho ya njano yaligeuka kuwa kitu cha uzuri pale stendi ya Bunda. Vijana waliojua kuwa ndiye mwenye sauti walimsalimia, "Shikamoo shemeji," kwa utani, yeye binti mdogo, naye aliitikia kwa ile sauti. Nyumbani tulikuwa na kile kitabu cha picha, Masatu alituazima. Tulikisoma tumejilaza kitandani kwake, mimi nikifunua kurasa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinauma, na tulikisoma kama vitabu vyote, kutoka kushoto. Hatukujua kuwa Wajapani wanaanzia upande mwingine. Kwetu hadithi ilianza na Shemeji akilia mlangoni na begi mkononi, ikaendelea na magomvi, halafu mapenzi, halafu kushangaana, ikaishia kwenye mvua, msichana na kijana hawajuani kabisa, kijana ameshika mwavuli. Wakuru aliona huo ni mwisho wa ajabu na mzuri. "Wanasahauliana, Nyangeta. Kila kitu kinarudi mwanzo, hakuna anayeumia." Kisha akasema kaseti lazima iwe na mwisho wake mwingine, na kwamba hataki tuitazame ile ya mwisho katikati ya wiki kama zingine. Ataisema papo hapo, mbele ya watu. "Mimi nataka jambo moja tu mwaka huu. Nifike kaseti ya mwisho. Nikishaimaliza niumwe nitakavyoumwa." Nililihesabu hilo kuwa ombi rahisi. Kaseti zilikuwa zimebaki chache.

Mama Wakuru alijua wakati mvua za masika zinaanza. Aliambiwa kanisani, na mtu aliyemwambia alidhani anampa sifa: kwamba binti yake ni maarufu, anaongea kwa sauti ya kiumbe wa angani mwenye macho kama yake. Usiku ule ule Wakuru alishikwa na maumivu. Mimi nililala chumba kilichopakana na chao na ukuta ulikuwa wa udongo, mwembamba, nilisikia yote. Mama yake hakupiga kelele. Alisema polepole, kwa kuomba, "Mwanangu, mimi nafungaga, naomba, nakupeleka huku na huku. Na wewe kumbe unampa mdomo wako mtu asiye na mwili. Hata macho amekuwekea yake. Utaponaje?" Wakuru akasema, "Mama, macho nilizaliwa nayo." "Najua ulizaliwa nayo. Lakini sasa kuna nini kingine ambacho sijafanya? Niambie wewe. Nimebakiza nini?" Asubuhi alikuja jikoni akatuambia, mimi na mama mdogo, kwamba amemwekea Mungu nadhiri: Wakuru haongei tena bandani, na Mungu naye atamwachia mtoto. Alisema akiwa amesimama, mikono imeshika mafundo ya kitenge. Wengi nikiwasimulia mpaka hapa wanamchukia. Mimi siwezi. Alikuwa ameshindwa, na mtu aliyeshindwa hushika kinachoshikika.

Wakuru alitii. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba alitii vizuri. Alikaa kwenye kigoda chake kando ya mafiga, Jumamosi ikafika, upande wa pili Masatu akaweka filamu ya ngumi, watu wakaanza kupiga mabenchi: "Shemeji! Shemeji!" Walijua yuko nyuma ya ukuta. Walikuwa wanaligonga bati kwa ngumi, na kila wakigonga masufuria yetu ukutani yanatikisika. Wakuru aliendelea kuchambua dagaa, vichwa huku, miili huku. Machozi yalimtoka na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na chumvi. Mimi nilimfuta kwa upande wa kanga. Nilitaka kumwambia asimsikilize mama yake, na nilitaka pia nadhiri ile ifanye kazi. Vyote viwili nilivitaka kwa nguvu ile ile, na hakuna hata kimoja kilichokuwa mikononi mwangu. Masatu alikuja jioni akamwomba Mama Wakuru kwa adabu zote, amepiga goti. Mama akamwambia, "Mwanangu Masatu, wewe una mashine yako. Mimi nina huyu." Masatu akainuka, akaondoka. Kaseti ya mwisho akaiweka juu ya kabati, na alikataa kuionyesha bila Wakuru hata watu walipomtukana.

Nadhiri haikufanya kazi. Mwezi ule mvua ilinyesha kila siku na chumba chao kilivuja, tukatega masufuria kama kwenye katuni, na hakuna aliyecheka. Siku Wakuru aliposhindwa kupumua vizuri, Masatu aliazima pikapu ya wachuuzi wa samaki, tukamlaza nyuma juu ya godoro, tukamfunika turubai, mimi na mama yake tumemkumbatia huku na huku mpaka hospitali Musoma. Godoro lilinuka dagaa kwa wiki nzima. Wodini walisema damu imekwisha mwilini, aongezwe, na wenye mgonjwa walete watu wa kutoa. Mama yake alipimwa, damu yake mwenyewe ilikuwa haba. Mimi nilijipanga mstarini, nesi akaniangalia, akanipandisha kwenye mzani, akanishusha. "Wewe nenda ukale kwanza, mdogo wangu." Nikamwambia naweza. Akasema, "Najua unaweza. Lakini hapana." Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikaliangalia ziwa pale chini, maji yote yale, nikaona hasira mpaka meno yananiuma.

Masatu alirudi Bunda na pikapu. Kesho yake asubuhi nilikuwa palepale kwenye ngazi nilipoiona inaingia, imejaa watu wamesimama. Ni wale wa mabenchi ya mbele. Wasukuma mikokoteni, vijana wa stendi, yule mchuna ngozi aliyesamehe mahari, amevaa shati la kanisani. Waliteremka, wakaanza kuulizana mlango uko wapi. Nesi aliwauliza ninyi ni nani wa mgonjwa. Walitazamana. Mchuna ngozi akasema, "Ni shemeji yetu." "Shemeji yenu wote?" "Wote, sista. Andika tu." Walitolewa damu mmoja mmoja, wakapewa soda, na yule mtu mzima akaishiwa nguvu akalazwa kwenye benchi huku wenzake wakimtania kwamba kazi yake ni damu na damu imemwangusha. Mama Wakuru aliyashuhudia hayo akiwa mlangoni. Aliwatazama watu aliokuwa akiwaita walevi na wahuni, mikono yao imekunjwa na pamba. Alikwenda akamshika kila mmoja mkono. Halafu akaja kwangu, akasema, "Nyangeta, hizo kanda zimebaki ngapi?" Nikasema moja. Akasema, "Akitoka hapa, aende akaongee. Mungu nitaongea naye mwenyewe."

Nilikimbia kumwambia. Wakuru alikuwa na chupa ya damu juu ya kichwa, midomo imepauka, lakini macho yalikuwa wazi. Nilimwambia mama amekubali. Alifumba macho akatabasamu, akaniomba maji, akayanywa kidogo. "Unajua atasema nini?" aliniuliza kwa sauti yake ya kawaida, ambayo ilikuwa nzito, tofauti sana na ile nyingine. "Nani?" "Shemeji. Mlangoni, na lile begi. Nimeshajua atakachosema." Nikamwambia aniambie. Akatikisa kichwa. "Wewe utacheka kabla ya wenzako. Utasikia hukohuko bandani." Siku mbili zile alionekana anapata nafuu. Alikula uji, akaomba furu wa kukaanga, nikamchambulia miiba. Siku iliyofuata kifua kilimbana tena. Walileta mtungi wa hewa, walileta daktari mwingine, walifanya waliyoweza, na mimi nilikuwa nimeshika miguu yake kwa sababu miguu ilikuwa ndiyo sehemu pekee iliyobaki ya kushika. Alifariki mchana, watu wa wodi ile wakila. Natafuta namna nyingine ya kuliandika hilo kila ninapojaribu, na sijaipata.

Tulimzika Butiama, kwa bibi yake. Niliambiwa nimenye ndizi, nikamenya ndizi. Nilimenya nyingi kuliko zilizohitajika, mama mmoja akaninyang'anya kisu. Tuliporudi Bunda, jikoni kigoda kilikuwa pale pale, nikakitumia mimi kwa kuwa vigoda vilikuwa viwili tu. Nilidhani mambo ya kaseti yamekufa. Lakini Mama Wakuru, baada ya matanga kuanuliwa, alimfuata Masatu mwenyewe. Nilikuwepo. Alimwambia, "Wale watu walitoa damu. Waonyeshe kanda yao iliyobaki. Na mimi nitakuja." Masatu akamwambia mama, hakuna wa kusema. Akamjibu, "Si wamo wenyewe ndani ya mashine? Waache waseme wenyewe." Sikufikiria maneno hayo yalikuwa na maana gani. Hata Masatu nadhani hakufikiria.

Ilikuwa Jumapili mchana. Banda lilijaa mpaka watu wakasimama nje wakichungulia kwenye magunia, na walipomwona Mama Wakuru anaingia na nguo zake nyeusi, benchi la mbele lote lilisimama kumpisha. Alikaa katikati. Mimi nilikaa chini karibu na miguu yake. Hakukuwa na kelele za mahari wala za nani. Masatu aliweka kaseti, akakaa kwenye stuli yake, maiki ameiacha kwenye kabati, mkono wa pili haugusi kitufe. Muziki tuliujua. Nyumba tuliijua, na mama wa kijana na masufuria yake. Halafu Shemeji akatokea mlangoni, begi mkononi, nywele zimelowa, akafungua mdomo. Ikatoka sauti ya mtu mwingine. Ilikuwa nyembamba, ya haraka, kali masikioni, sauti ya mwanamke mgeni ambaye hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia, ikitoka katika mdomo ule tulioujua. Watu waligeukiana. "Huyu nani sasa?" mtu aliuliza nyuma, bila utani, ameudhika kabisa. Mama Wakuru alisimama. "Siye," alisema. "Masatu, siye huyo. Mpunguze." Masatu akashusha sauti, mama akasema, "Zaidi," naye akaizima kabisa.

Tulitazama hivyo mpaka mwisho. Shemeji alisema kwa muda mrefu sana pale mlangoni. Alisema ameinamisha macho, kisha akayainua, akamtazama kijana, akasema tena, na mara moja alicheka kidogo katikati. Kijana alikuwa anasikiliza. Mvua ilikuwa inanyesha ndani, juu yao wote wawili, na sisi hatukuisikia. Niliutazama ule mdomo kwa nguvu zangu zote. Nilikuwa nimekaa kando ya Wakuru mwaka mzima, nilijua anavyoanza sentensi, anavyovuta pumzi kabla ya kichekesho, na niliona kabisa mahali ambapo angewachekesha na mahali ambapo angewanyamazisha. Maneno yenyewe sikuyaona. Picha ikakatika, runinga ikabaki na zile chenga zake, na hakuna aliyeinuka. Mama Wakuru, aliyekuwa bado amesimama, alikaa. Aliniwekea mkono begani, akainama mpaka karibu na sikio langu.

"Amesema nini?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Si ulikuwaga naye kila siku? Hakukwambia?"

"Hakuniambia, mama. Sijui."

Aliendelea kunitazama, anangoja, na banda zima lilikuwa limegeuka kunitazama mimi.